Siku Tisa za Kufuata Karatasi: Kutoka Tabora hadi Kigoma

Safari hii imepangwa kwa mwanafunzi wa haki za binadamu na haki ya kijamii anayetoka nje ya Tanzania, awe wa Nairobi, Kampala, Bukavu au Bujumbura, ilimradi Kiswahili chake kinatosha kuzungumza na mtendaji wa kijiji bila mkalimani. Inaanzia Tabora na kuishia Kigoma. Njia nzima kinachofuatwa ni karatasi: hati, kadi, barua, fomu. Mtu ukimwuliza kama haki zake zinaheshimiwa, atakujibu kwa adabu na utaondoka mikono mitupu. Ukimwuliza karatasi fulani aliipata ofisi gani, ilichukua muda gani, na nani angeweza kumnyima, hapo utaanza kuona haki inapita wapi na inakwama wapi.

Kabla ya kuondoka

Kibali cha kuingia kambi ya wakimbizi kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, huko Dodoma. Mkuu wa kambi hakitoi, wala shirika litakalowapokea halikitoi. Ombeni wiki 6 kabla. Barua ya maombi iwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, namba za pasipoti, jina la kambi, tarehe za kuingia na kutoka, na kila kifaa cha kupiga picha au kurekodi sauti. Kosa la kila mwaka ni lile la mtu anayejulikana chuoni kwa jina moja na kwenye pasipoti ana lingine. Langoni mlinzi anasoma karatasi tu, na huyo atabaki nje wenzake wakiingia. Kosa la pili ni kuomba siku moja tu. Ombeni siku 5 hata kama mnahitaji moja, kwa sababu treni ikichelewa kibali hakiwasubiri.

Kambi nazo hazikai vilevile. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa makundi tangu 2017. Hakikisheni na wizara kwamba kambi mnayoitaja bado inapokea wageni. Atakayekusanya taarifa za utafiti, na si kujifunza tu, anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Uhamiaji waulizwe mapema ni pasi ipi inamfaa mwanafunzi wa aina hiyo. Kadi ya njano ya chanjo ikae pamoja na pasipoti.

Jambo la mwisho ni la ulimi. Wanafunzi wa Kenya waache "nipe" nyumbani. Tabora na Kigoma mtu husema "naomba," na kwa mkubwa huanza na shikamoo. Barua nzuri yenye "nipe" nyuma yake hulala masjala.

Siku ya 1, Jumatatu. Tabora mjini

Fikeni Jumatatu, msifike Alhamisi. Barua ya utambulisho ya chuo inapelekwa ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa. Inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inapewa namba ya jalada. Andikeni hiyo namba. Msipokuwa nayo, kesho yake mtaambiwa barua haionekani, na kweli haionekani. Kutoka mkoani mnapewa barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, naye anaandika kwa mtendaji wa kata, na mtendaji wa kata anamjulisha wa kijiji. Ngazi ni nne na kila ngazi inabaki na nakala yake, kwa hiyo toeni nakala 6 kabla ya kuingia ofisi ya kwanza. Ikianza Alhamisi, Ijumaa mchana inakuta ofisi moja haina wa kusaini, na siku 3 zimekwenda.

Wengine hulalamika kwamba huu ni usumbufu. Sisi tunauhesabu kuwa somo la kwanza. Mama wa kijijini anayefuatilia mirathi ya mumewe hupanda ngazi hizihizi, bila barua ya chuo, akiwa na nauli ya siku moja.

Jioni, zungumzieni boma la Wajerumani kabla ya kulala. Halina haja ya kupigwa picha, na majengo ya jeshi na serikali hayapigwi kabisa. Linalohusu safari hii ni kilichokuwa kikitolewa kwenye maboma ya wakati ule: hati ya uhuru. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Waliruhusu mtumwa akombolewe, ajilipie mwenyewe au aachiliwe na bwana wake, kisha akapewa karatasi ya kuonyesha kwamba ni huru. Baadaye walitamka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Sheria ya kufuta utumwa wenyewe ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Tabora ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye watumwa wengi zaidi katika koloni. Andikeni swali hili ukurasa wa kwanza wa daftari: kama uhuru unathibitishwa na hati, asiye na hati anahesabiwa nani? Litarudi siku ya 4, ya 6 na ya 9.

Siku ya 2. Kwihara

Ni kilomita chache nje ya mji, bodaboda inatosha. Kuna tembe la udongo lenye paa bapa, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Kwihara ni moja ya vituo 6 vya njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu ambavyo Tanzania iliviweka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Saa mbili zinatosha hapa. Maelezo ya kawaida huwahusu Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, kuliko maelfu ya waliopita, kwa hiyo mwongozaji aulizwe wapagazi walilala wapi na walikula nini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa, waliopatana ujira na waliojua kutua mizigo chini wakidhulumiwa. Mtumwa alipita njia hiyohiyo pasipo mapatano yoyote. Mwanafunzi asiyetenganisha hawa wawili atakosea kila kitu kuhusu kazi na haki katika nchi hii. Hata neno "posho," tunalolisikia leo kwenye kila semina, lilikuwa chakula cha mpagazi kwa siku.

Siku ya 3. Kijijini, Uyui

Siku hii isikatwe hata dakika. Mtendaji wa kijiji atawakaribisha ofisini, mtasaini kitabu cha wageni, mtasalimia "mwangaluka" na watu watacheka kwa furaha. Kisha ombeni kuona vitu vitatu: mbao ya matangazo, kabati la masjala ya ardhi, na majina ya wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji.

Mbao ya matangazo kwanza. Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa watu wote wenye miaka 18 na zaidi, unatakiwa kukaa walau kila miezi 3, na mapato na matumizi husomwa hapo. Angalieni tarehe ya karatasi ya mwisho iliyobandikwa. Kama ni ya mwaka juzi, hamna haja ya kuuliza swali lolote kuhusu uwajibikaji.

Kabati ndilo linalofundisha zaidi. Ili mwanakijiji apate hati ya hakimiliki ya kimila, kijiji lazima kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, mipaka isiyogombaniwa na majirani, na masjala, yaani chumba salama chenye daftari la usajili. Mwombaji hujaza fomu, Halmashauri ya Kijiji hujadili, shamba hupimwa majirani wakiwa wamesimama mipakani, hati inasainiwa kijijini na kukamilishwa wilayani. Inakwama wapi? Mara nyingi ni masjala. Kijiji kimepimwa, watu wamesimama mipakani juani, na hati zimelala wilayani kwa sababu kijiji hakina chumba chenye mlango unaofungwa. Kwenye daftari, hesabuni safu ya majina: mangapi ni ya mume peke yake, mangapi ya mke peke yake, mangapi ya wote wawili. Sheria inaruhusu majina mawili. Fomu ikijazwa haraka inaandikwa moja, na mnajua ni la nani.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 lazima wawe wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Lakini upande wa mirathi bado kuna tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 ambalo linamweka binti daraja la mwisho na kumwacha mjane bila fungu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilikubali malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania kuhusu mirathi ya aina hiyo, ikaitaka serikali iirekebishe sheria. Kwa hiyo mjane anasimama kati ya karatasi mbili zinazopingana, na baraza lenye wajumbe 7 ndilo la kwanza kumsikiliza.

Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Halina mamlaka ya kuamua. Ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Kata, ambalo nalo tangu marekebisho ya 2021 limebakiwa na usuluhishi peke yake, kwa siku 30. Ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaposikiliza. Mkibahatika kukuta shauri, kaeni nyuma na hesabuni: wanawake wangapi kati ya wale 3 wamefika, wangapi wamesema, na nani anaandika muhtasari. Huyo wa mwisho mwangalieni sana. Neno lisiloingia kwenye muhtasari halitasikika wilayani.

Mchana nendeni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi ya hatari kwa yeyote aliye chini ya 18. Je, kuchuma tumbaku ni nyepesi? Jani bichi lenye umande hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi, na mchumaji hupata kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kutapika. Kwa mtoto mwenye kilo 30 kiasi kilekile ni kikubwa zaidi kuliko kwa baba yake. Usiwaulize wazazi kama wanawatumikisha watoto. Waulize shamba la ukubwa gani limewekewa mkataba kwenye chama cha msingi cha ushirika, na nyumbani kuna mikono mingapi ya watu wazima. Hesabu yenyewe itakuambia nani mwingine yumo shambani. Na muulize bei hupangwa na nani siku ya soko, kwa sababu mtoto hafiki shambani kwa ubaya wa moyo wa baba yake.

Chakula cha mchana ni ugali, na mkiletewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pokeeni kwa mikono miwili.

Siku ya 4. Ulyankulu

Wapenzi wa kwaya kote Afrika Mashariki wanalijua jina hili. Wachache wanajua kwamba palikuwa makazi ya wakimbizi Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walipewa ardhi, wakalima, na baadaye sehemu yao wakahamishiwa Mishamo ardhi na maji vilipozidiwa. Ndiyo ilikuwa sera ya wakati wa Mwalimu Nyerere, aliyepewa medali ya Nansen mwaka 1983: mkimbizi apewe jembe.

Mwaka 2007 serikali, pamoja na Burundi na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwauliza watu wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kama wanataka kurudi au kubaki. Wanne kati ya watano walichagua kubaki. Kufikia 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, na hapo karatasi ikakwama. Mpango ulikuwa kwamba waondoke kwanza, wasambazwe mikoa mingine, ndipo wapewe hati. Kuhama kukashindikana: mikoa haikuwa tayari, fedha hazikutosha, na mtu aliyezaliwa Ulyankulu, akamzika mama yake Ulyankulu, haoni kwa nini uraia umtake aondoke Ulyankulu. Hati zilianza kugawiwa Oktoba 2014, bila sharti la kuhama.

Miaka 4 hiyo ndiyo ya kusomwa. Watu wale walikuwa wameukana uraia wa Burundi, ukimbizi wao umefikia ukingoni, na cha Tanzania cha kushika mkononi hawana. Waulizeni wenyeji, kwa utulivu, ni nini kilichokuwa hakiwezekani katika kipindi kile: kujenga nyumba ya kudumu, kukopa, kumpeleka mtoto chuo, kugombea uongozi. Msiulize walivyokimbia. Hilo ni jeraha, na hamna dawa yake mkobani.

Hapa kuna kosa moja ambalo halisameheki kirahisi: kumwita mkimbizi mtu mwenye hati ya uraia. Hata kwenye daftari lenu, andikeni Mtanzania.

Siku ya 5. Treni

Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 400, usiku mzima na zaidi, kupitia Urambo, Kaliua ambako njia ya Mpanda inachepuka, Nguruka na Uvinza ya chumvi. Ratiba ithibitishwe stesheni siku hiyohiyo. Bebeni maji lita 3 kila mmoja na tochi.

Zoezi la njiani: mkataba wa wakimbizi wa 1951 unadai hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili ya mtu, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 unaongeza anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa yaliyovuruga amani. Chukueni watu watatu wa kubuni na mwone nani anaangukia mkataba upi. Tanzania imeridhia yote miwili. Hadi Januari 2017 Warundi walipokelewa kwa pamoja bila kuhojiwa mmojammoja. Tangu hapo kila mtu anatakiwa kuithibitisha hofu yake mwenyewe.

Siku ya 6. Kigoma, mahakamani

Mahakama ni wazi kwa umma. Fikeni kabla ya saa 3 asubuhi, simu zizimwe kabisa, kofia zivuliwe, inameni kidogo mkiingia jaji au hakimu akiwa ameketi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria. Kabla ya hapo hukumu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na aliyefungwa alihitaji mtu wa kumsomea kwa nini amefungwa. Hukumu nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, pakueni jioni.

Mchana jifunzeni njia ya shauri la katiba, hatua kwa hatua. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Anayedai huenda Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3), dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri likisimama husikilizwa na majaji 3. Marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Hili liliwabana waliotaka kuwasemea wengine, na kwa maoni yetu liliwaumiza hasa wale wasioweza kufika mahakamani wenyewe. Linganisheni na shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyewasemea wasichana wengine, kuhusu umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana ni 18, na mahakama inaweza kuruhusu hata aliyetimiza miaka 14. Mahakama Kuu ilitamka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019. Jiulizeni msichana mwenyewe wa miaka 14 angeapa kiapo hicho kwa msaada wa nani.

Hatua inayofuata zamani ilikuwa Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko kwenye ardhi ya Tanzania, na Tanzania ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kuishtaki huko tangu 2010, hadi ilipotangaza kujitoa Novemba 2019; kujitoa kulianza kutumika Novemba 2020. Mashauri ya zamani yanaendelea kusomwa, na moja lazima lisomwe Kigoma: la Anudo Ochieng Anudo, lililohukumiwa Machi 2018. Alienda polisi kuhusu mambo ya ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa, akaambiwa si raia, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akabaki mpakani kati ya nchi mbili. Mahakama ilisema aliyeishi na karatasi za uraia maisha yake yote hatupiwi mzigo wa kuthibitisha upya. Serikali inayoukataa uraia wake ndiyo ithibitishe.

Siku ya 7. Ujiji na Kibirizi

Asubuhi Ujiji, chini ya miembe, mwisho wa njia iliyopita Kwihara. Muda wa saa moja unatosha.

Kisha Kibirizi, ufukwe wa boti za kwenda vijiji vya kaskazini, ambako dagaa wanaanikwa na harufu yake itakaa kwenye mkoba wenu hadi nyumbani. Ombeni wavuvi wawaonyeshe upande wa Kagunga. Aprili na Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walifika katika kijiji hicho kidogo, mlima mgongoni na ziwa usoni, pasipo barabara ya gari. Njia pekee ya kutoka ilikuwa maji, na meli ya Liemba, iliyojengwa 1913 Ujerumani, ilibeba mamia kwa kila safari hadi Kigoma, ambako walipumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kililipuka. Sababu si fumbo: watu wengi, vyoo vichache, na ziwa lilelile likiwa choo na kisima. Mwanafunzi wa haki za binadamu asiyejua hesabu ya choo na maji hafai kupewa kazi ya kupokea wakimbizi. Kiwango cha chini cha kimataifa ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Siku za kwanza za dharura huvumiliwa watu 50.

Siku ya 8. Nyarugusu

Ondokeni saa 11 alfajiri. Kibali halisi, si picha ya simu, kinapokelewa na mkuu wa kambi wa serikali. Kamera isiyoandikwa kwenye kibali ibaki garini.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wa Kivu Kusini, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi. Mkongo wa Fizi ataongea nanyi Kiswahili moja kwa moja, na hapo ndipo hatari ilipo: mtajisahau mkaanza kuhoji. Kila mazungumzo yaanze kwa kusema ninyi ni nani, kwamba hamna chakula, fedha wala nafasi ya kwenda nchi ya tatu, na kwamba mtu anaweza kunyamaza asipoteze chochote. Mwenye matumaini ya kuhamishwa ataona kila mgeni mwenye daftari kuwa ndiye. Msiandike majina. Msitoe pesa mkononi.

Kipimo cha siku ni ndoo ya lita 20. Simameni kwenye bomba na mpime kwa saa. Bomba linalotoa lita 7.5 kwa dakika, ambacho ndicho kiwango, linaijaza kwa dakika 2 na sekunde 40. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90, yaani ndoo 4 na nusu, safari 5. Foleni isizidi nusu saa na umbali usizidi mita 500. Sasa hesabuni foleni iliyo mbele yenu, mzidishe, kisha mtazame nani ameshika ndoo na saa ngapi shule inaanza. Jedwali hilo la mistari 5 lina thamani kuliko kurasa 10 za hisia.

Chakula kinahesabiwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao umepunguzwa mara nyingi kwa kukosa fedha za wafadhili. Majaribio ya kutoa fedha taslimu yalisimamishwa na serikali 2017, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Kuni ziko nje. Unganisheni hayo yote na mtaelewa kwa nini wanawake wanaofuata kuni wamekuwa wakishambuliwa porini miaka yote, na kwa nini jiko linalotumia kuni kidogo ni suala la haki, sawa na kituo cha polisi. Anayeshambuliwa akiripoti polisi hupewa fomu namba 3, PF3, ya kwenda nayo hospitali. Muulizeni mtoa huduma mwathirika hufika hospitali baada ya saa ngapi, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ikianza ndani ya saa 72.

Siku ya 9. Kurudi Kigoma kupitia Kasulu

Kwenye vizuizi vya barabara hii, mgeni mwenye pasipoti iliyogongwa muhuri huvuka upesi. Anayeshushwa ni mwenyeji asiye na kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Kiha na Kirundi vinasikilizana, salamu "mwakeye" inavuka mpaka bila pasipoti, na watu wa Kigoma wamelalamika siku nyingi kwamba wanaulizwa wao ni wa wapi katika nchi yao wenyewe. Wanaambiwa walete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu alizaliwa nyumbani, kwa mkunga. Simameni Kasulu, ofisi ya kata, mwulize kuhusu mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kuwasajili bure watoto walio chini ya miaka 5: nani anaandika, kitabu kikiisha kinaletwa baada ya muda gani, na mzazi asiye na kitambulisho anafanyaje.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, toeni muhtasari wa kurasa 2 kwa Kiswahili kwa kila mahali mlipokwenda, bila majina ya watu. Nakala moja irudi kwa mtendaji wa kijiji kule Uyui, na ombi kwamba ibandikwe kwenye mbao ya matangazo. Nyingine Ulyankulu. Nyingine kwa mkuu wa kambi, pamoja na lile jedwali la ndoo. Zipelekeni masjala, zigongwe muhuri wa kupokelewa, na mwandike namba ya jalada.